Ushuhuda, Ushahidi na Samaki Mbichi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo ni ndugu wa tumbo moja: ushahidi na ushuhuda. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, ule ule uliotupa shahidi na shahada. Lakini yalipokua yaliachana njia. Ushahidi ulienda mahakamani, ushuhuda ukaenda kanisani. Anayetoa ushahidi anaapa, anasema alichokiona, kisha wakili wa upande wa pili anasimama kumhoji. Ulikuwa umbali gani? Kulikuwa na taa? Mshtakiwa mna ugomvi naye? Anayetoa ushuhuda anapewa maikrofoni, anasema alichotendewa, na watu wanaitikia Amina. Wakili wa upande wa pili hayupo. Hebu simama katikati ya ibada uulize, "Samahani dada, vipimo vya kwanza ulipima hospitali gani?" Utaambiwa umetumwa.

Watu wanaouliza swali la namna hiyo tumewapa jina: wakanamungu. Na jina lenyewe limeshawahukumu kabla hawajafungua mdomo. Mtu hukana deni analodaiwa. Hukana mtoto aliyemzaa. Kukana ni kukataa kitu ambacho wote tunajua kipo. Lakini ukikaa nao, wengi wao hawasemi "najua kwamba Mungu hayupo." Wanasema jambo dogo zaidi: "sijaona sababu ya kutosha ya kuamini." Nitaje mapema nimesimama wapi ili msomaji asinitafute katikati ya mistari: na mimi ni mmoja wao. Ila nadhani sisi wa upande huu tuna hoja mbili kubwa, na moja tu kati ya hizo ndiyo imesimama sawasawa. Ya kwanza ni ya ushahidi. Ya pili ni ya watoto, na hiyo inahitaji kurekebishwa.

Tuanze na ushahidi, na tuanze nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alijulikana nchi nzima kwa jina la Babu wa Loliondo. Pale kijijini Samunge, wilaya ya Ngorongoro, alikuwa anachemsha mizizi ya mti uitwao mugariga na kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwotesha. Kikombe kimoja tu, basi, na magonjwa sugu yanaondoka: kisukari, saratani, hata UKIMWI. Magari yakapanga foleni kilomita kwa kilomita porini. Watu walitoka Kenya na nchi nyingine jirani. Na msidhani waliokwenda ni wale tunaopenda kuwaita "wananchi wa kawaida" tu. Mawaziri walikunywa. Wenye uwezo walikodi helikopta.

Shuhuda zilikuwa nyingi. Fulani alikwenda hawezi kutembea, karudi anatembea. Fulani kapima sukari, imeshuka. Kama mwandishi wa habari, mtu anafundishwa siku ya kwanza kuuliza nani kasema, amejuaje, na upande wa pili unasemaje. Na hapo kwenye upande wa pili ndipo penye shida. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu wameshapona, na baadaye wakazidiwa. Hao hawakurudi kushika maikrofoni. Marehemu hatoi ushuhuda. Ukikusanya maneno ya waliobaki peke yao, hata maji ya bomba yataonekana yanatibu.

Wataalamu wa serikali waliipima dawa wakasema haina sumu. Watu wakashangilia kana kwamba wameambiwa inatibu. Chai ya rangi nayo haina sumu.

Lakini kitu kilichonivutia zaidi kwenye habari ile si dawa, ni masharti yake. Babu mwenyewe alisema nguvu haiko kwenye mti, iko kwenye neno la Mungu. Ukichimba mizizi hiyo hiyo ukachemsha kwako Mbagala, haifanyi kazi. Lazima upewe kwa mkono wake, na lazima unywe kwa imani. Sasa fikiria hilo taratibu. Ukipona, ni Mungu. Usipopona, imani yako ilikuwa ndogo. Kuna tokeo gani duniani ambalo lingeonyesha kwamba kikombe hakitibu? Halipo. Dai limejengwa kama nyumba isiyo na mlango wa nyuma, ukweli hauwezi kuingia kwa kuvizia. Na hii si ya Loliondo peke yake. Sala ikijibiwa, Mungu amesikia. Isipojibiwa, Mungu ana mpango mwingine. Mvua ikinyesha ni baraka, isiponyesha ni jaribu. Kauli inayokubaliana na kila kinachoweza kutokea haijatuambia chochote kuhusu kitakachotokea.

Siwacheki waliokwenda Samunge. Mtu aliyeambiwa hospitalini "mrudisheni tu nyumbani" angekwenda hata mbali zaidi. Wala sina sababu ya kumwita mzee yule tapeli. Alifariki Julai 2021, na inawezekana kabisa kwamba hadi siku hiyo aliamini kwa moyo wake wote. Na hilo ndilo swali lenyewe: kuamini kwa moyo wote kunatosha?

Mwaka 1877, mwanahisabati wa Kiingereza, William Kingdon Clifford, alilijibu swali hilo kwa kisa cha meli. Kuna tajiri mwenye meli kuukuu, imeshatengenezwa mara nyingi, na sasa inataka kubeba familia za wahamiaji kuvuka bahari. Moyo wake unamsumbua. Aipeleke kwa fundi kwanza? Gharama. Basi anaanza kujituliza. Meli hii imevuka dhoruba ngapi? Na Mungu atawaachaje watu hawa wanaokwenda kutafuta maisha? Taratibu wasiwasi unaisha, anaamini kabisa, kwa dhati, kwamba meli ni nzima. Anaiaga kwa furaha. Inazama katikati ya bahari, na yeye anapokea fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na udhati wa imani yake haumsaidii chochote, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Halafu anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile. Kosa halikuanza meli ilipozama. Lilianza pale alipoyanyamazisha maswali yake.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuchorewa picha ya meli. MV Bukoba, Mei 1996. Spice Islander, Septemba 2011, mwaka ule ule wa kikombe. MV Nyerere, Septemba 2018, karibu kabisa na gati ya Ukara. Zote zilikuwa zimejaza kupita uwezo wake. "Tutafika tu, Mungu yupo" ni sentensi niliyoisikia kwenye boti, kwenye daladala na kwenye basi la usiku, na karibu kila mara tumefika. Karibu.

Sasa, waumini nao wana jibu, na si jibu la kubeza. Mwanafalsafa wa Marekani, William James, alimjibu Clifford mwaka 1896. Kuna mambo, alisema, ambayo ukisubiri ushahidi ukamilike utakuwa umeshachelewa. Urafiki ni hivyo. Ndoa ni hivyo. Huwezi kumwambia mchumba, "Nitakupenda nikishapata uthibitisho kwamba hutaniumiza." Unaanza kwa kuamini, na wakati mwingine kule kuamini ndiko kunakokifanya kitu kiwe kweli.

Nalikubali hilo kuliko wenzangu wengi wanavyolikubali. Mama yangu anaamka saa kumi alfajiri kusali, na haamki ili apate matokeo ya utafiti. Baba alipofariki, wanawake wa jumuiya walifika kabla ndugu wengine hawajapata nauli. Walipika, walifagia, walilala na mama chini kwenye mkeka siku tisa. Mtu akiniambia yale yote ni "madai yasiyo na ushahidi" nitamwona hajaangalia vizuri. Hata lugha yetu inajua. Kwa Kiswahili, imani ni kusadiki, na imani ni huruma. Tukisema "yule hana imani" hatumaanishi kwamba amesoma Clifford, tunamaanisha ni katili. Ndiyo maana mtu akisikia jirani yake haamini Mungu anashtuka mara mbili, kwa maana zote mbili.

Lakini James anatuvusha mpaka mahali fulani tu. Mtu akiweka maisha yake mwenyewe rehani kwa imani yake, ni yake. Mwenye meli hakuweka maisha yake. Aliweka ya abiria. Na kuna abiria mmoja ambaye hakukata tiketi, hakuchagua chombo, wala hajui kuogelea. Ni mtoto.

Samaki mkunje angali mbichi, tumeambiwa. Hapa ndipo hoja ya pili inapoingia. Msemaji wake anayejulikana zaidi siku hizi ni Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, kwenye kitabu chake The God Delusion cha mwaka 2006. Anasema hakuna kitu kinachoitwa mtoto Mkristo au mtoto Mwislamu. Kuna mtoto wa wazazi Wakristo, na mtoto wa wazazi Waislamu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuwa na msimamo kuhusu Utatu Mtakatifu kama ambavyo hawezi kuwa na msimamo kuhusu mfumuko wa bei. Kwa mizani ya kwetu: tungemcheka mtu anayemtambulisha mwanawe wa chekechea kama kada wa chama fulani cha siasa.

Inasikika vizuri mpaka unapokumbuka kwamba sisi tuna watoto wa Simba na watoto wa Yanga. Mpwa wangu alivaa jezi ya Yanga kabla hajaota jino. Hakuulizwa. Na hakuna aliyekwenda ustawi wa jamii kushtaki. Ukweli ni kwamba hakuna mtoto anayelelewa kwenye chumba kitupu. Tunampa lugha bila ruhusa yake, tunampa jina, ukoo, utani na wa kutaniwa, ugali badala ya viazi. Mkanamungu anayesema mtoto asiambiwe lolote kuhusu dini mpaka afike miaka 18 hajawahi kukaa na mtoto wa miaka mitano msibani. Atauliza babu amekwenda wapi, na utajibu kitu. Hata ukikaa kimya, umejibu.

Na tusijifanye kwamba kukunja samaki ni kazi ya dini tu. Albania ilijitangaza mwaka 1967 kuwa taifa lisilo na Mungu. Misikiti na makanisa yalifungwa, na watoto walifundishwa shuleni kwamba hakuna Mungu kwa ukali ule ule ambao wengine wanafundishwa kwamba yupo. Utawala ulipoanguka, watu wakarudi kusali. Kilichofanyika pale hakikuwa kumkomboa mtoto. Aliondolewa kwenye mkunjo mmoja akatiwa mwingine.

Kuna hoja nyingine inayotumika sana, nayo ni ya jiografia. Ukizaliwa Micheweni, Pemba, karibu hakika utakuwa Mwislamu. Ukizaliwa Peramiho, Mkatoliki. Ukizaliwa Varanasi, India, Mhindu. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja anaona bahati ya ajabu kwamba amezaliwa penye ukweli. Watu wanadhani hoja hii imeletwa na Wazungu wa intaneti. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameiandika kwenye kitabu chake cha kusimulia safari ya maisha yake. Anasema alipokuwa kijana aliona kwamba watoto wa Wakristo wanakua kuwa Wakristo, wa Wayahudi kuwa Wayahudi, wa Waislamu kuwa Waislamu, na jambo hilo likamvunjia ule uzi wa kufuata tu walichosema wakubwa. Akataka kujua kwa kujua. Akapita kwenye shaka nzito kweli kweli, na akatoka upande wa pili akiwa Mwislamu imara kuliko alivyoingia. Yeye na Dawkins waliona kitu kile kile na wakaishia mahali tofauti. Naheshimu sana kwamba aliingia.

Ni haki kusema pia kwamba hoja ya jiografia haithibitishi kwamba dini ni uongo. Hesabu nayo tumefundishwa utotoni, tena kwa fimbo. Tofauti ni kwamba mtoto anaweza kuchukua maharage, akayapanga mafungu saba ya manane, akahesabu. Saba mara nane ni 56 Micheweni, ni 56 Peramiho, ni 56 Varanasi. Mwalimu akifa leo, mtoto ana maharage yake. Kwenye dini, mtoto wa Pemba na mtoto wa Varanasi hawana maharage ya kupatanisha. Kila mmoja ana neno la mkubwa wake tu. Hilo halimfanyi mkubwa kuwa mwongo, ila linapaswa kumfanya aongee kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na jezi yake. Kama kumpa mtoto timu si kosa, na kumpa dini kunafanana na kumpa timu, kwa nini dini ituhangaishe? Kwa sababu ya mlango wa kutokea. Mpwa wangu akija kuhamia Simba, baba yake atanuna. Tutamwimba sikukuu nzima. Kesho yake tutakula naye sahani moja. Hakuna aliyemwonyesha mtoto yule picha ya watu wanaoungua na kumwambia hao ndio waliohama Yanga. Wengi wetu tulionyeshwa picha kama hizo tukiwa na miaka sita au saba, darasani, kwa nia njema kabisa, na mtu anayetupenda. Nimezungumza na watu wazima wenye shahada mbili, wanaosema hawaamini tena, ambao ngurumo ya radi usiku bado inawarudisha kwenye picha ile. Hicho si kitu ambacho hoja ilikiweka, na ndiyo maana hoja haikiondoi.

Kiswahili kina neno la jambo hili: kasumba. Kwa asili kasumba ni afyuni. Marx aliposema mwaka 1844 kwamba dini ni afyuni ya watu, alikuwa karibu sana na Kiswahili bila kujua, maana sisi tumelichukua neno lile lile tukalifanya liwe jina la akili iliyolazwa na mwingine. Tunasema kasumba ya kikoloni. Kwa maoni yangu, kasumba haipimwi kwa kile mtoto alichofundishwa. Inapimwa kwa mambo mawili. Je, kuuliza kumefanywa kuwa dhambi? Na je, kutoka kumefanywa kuwa maangamizi? Dini inaweza kufundishwa bila hayo mawili. Siasa inaweza kufundishwa pamoja nayo, kama kule Albania.

Nimeona namna zote mbili kwenye ukoo mmoja. Mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, alimuuliza shangazi mmoja, "Shangazi, Mungu aliumbwa na nani?" Akapata jibu analopata kila mtoto: "Shika adabu yako! Hayo hayaulizwi." Jioni akalipeleka swali lile lile kwa mama yangu, bibi yake, yule wa saa kumi alfajiri. Mama aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hilo hata mimi najiuliza toka utoto. Ukija kupata jibu uniambie, bibi yako nisife bila kujua." Usiku wakasali pamoja kama kawaida. Wote wawili, shangazi na bibi, ni waumini wa kanisa moja. Mmoja alimpa mtoto dini. Mwingine alimpa dini na kumwachia swali lake mkononi.

Na bibi hajavunja sheria yoyote ya imani yake. Kwenye Injili, Tomaso aligoma kusadiki habari ya ufufuko mpaka aone na kugusa, na hakufukuzwa, alionyeshwa. Kwenye Qur'ani, Nabii Ibrahim anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, si kwa sababu haamini, bali moyo wake utulie. Kama Ibrahim aliruhusiwa kuuliza, mtoto wa darasa la pili amekosa nini?

Haya yangebaki mazungumzo ya barazani kama si Shakahola.

Aprili 2023, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri wa kanisa la Good News International. Waliambiwa wafunge wasile mpaka wafe, wakakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Mackenzie amekana mashtaka, na mwanzoni mwa 2024 yeye na wenzake walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Yaani watoto, wenye umri wa kuomba uji. Na si kwamba ishara hazikuwepo. Miaka kadhaa kabla, Mackenzie alikuwa ameshakamatwa na kufikishwa mahakamani kwa sababu ya kuhubiri kwamba shule ni mambo ya shetani na watoto wasipelekwe.

Ningekuwa mwongo kama ningesema hiyo ndiyo sura halisi ya dini. Maaskofu, masheikh na wachungaji wa Kenya walilaani kwa sauti kubwa, na waumini wa kawaida walilia kama sisi wengine. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Njaa haikuwa ya kwanza. Kabla ya njaa ilitangulia shule. Kwa nini shule? Kwa sababu shuleni kuna mwalimu anayesema kitu tofauti na mchungaji, kuna mtoto wa jirani wa dini nyingine, kuna kitabu cha sayansi chenye picha ya tumbo. Shule ina maswali. Ukishamtoa mtoto pale, sauti inabaki moja. Mtoto wa Shakahola alipohisi njaa, hakuwa na mtu wa kumuuliza kama ni kweli Mungu anataka hivi. Na wazazi wake, ambao walikuwa watu wazima wenye akili zao, wengine waliosoma, walikuwa wameshafundishwa kwa miaka mingi, pengine na makanisa ya amani kabisa, kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi. Mackenzie hakuijenga ile tabia. Aliikuta.

Kwa hiyo ninachowadai waumini ni kidogo, ila sikipunguzi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, Ibara ya 9, unampa kila mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na unawapa wazazi wajibu wa kumwongoza kwa kuzingatia anavyoendelea kukua na kupata uwezo. Haukumpokonya mzazi. Haukumfunga mtoto. Mzazi ni nahodha, lakini abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kimekaguliwa, na kadiri anavyokua ana haki ya kukaribia usukani.

Kama una mtoto, mpeleke madrasa, mpeleke kipindi cha watoto Jumapili. Mfundishe sala ulizofundishwa na mama yako, maana ndani yake kuna mama yako. Mfundishe kusema "sisi tunaamini," ambayo ni kweli, kabla ya "inajulikana." Mwambie kuna watu wema wanaoamini vingine, na watu wema wasioamini kabisa, na umtajie mmoja anayemjua. Kwenye sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, lakini tupo, na wengine tunakaa kiti cha pembeni yako msibani, tumeinamisha kichwa kwa heshima. Halafu picha za moto mwondolee. Kama Mungu wako ni wa kweli, hahitaji kusaidiwa na jinamizi la mtoto wa miaka sita.

Na wenzangu wasioamini, kipimo hiki kinatupima na sisi. Nikijaliwa mtoto, nitamwambia ninachofikiri na kwa nini. Siku moja anaweza kuja kuniambia anataka kuamka saa kumi alfajiri akasali na bibi yake. Sitamcheka, na sitamwambia kwamba watu wenye akili hawafanyi hivyo, maana huo nao ni mkunjo. Nitamuuliza kwa nini, kwa sauti ile ile ninayotaka yeye aitumie kuniuliza mimi. Kisha nitamtafutia sweta, maana alfajiri kule kwetu kuna baridi.